Jani Linapojikunja: Namna ya Kutambua Kinachousumbua Mmea wa Chunguni

Mimea ya vyunguni imekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya mijini. Barazani, dirishani na maofisini huonekana begonia, krotoni, drasena na hata nyanya na pilipili zilizopandwa katika vyungu, makopo ya maziwa na madebe yaliyokatwa. Mimea hiyo huweza kustawi kwa muda mrefu, kisha siku moja mwenyewe akaona majani yamejikunja: pengine kingo zimegeuka juu kama kikombe, pengine zimeinama chini kama kucha za ndege. Jambo la kwanza alifanyalo, takriban bila kufikiri, ni kuchukua kopo la maji na kumwagilia. Asipoona nafuu, humwagilia tena. Baada ya juma moja au mawili mmea umekufa, naye husema kwamba uliingiwa na ugonjwa. Yamkini mmea huo haukuwa na ugonjwa wowote hapo awali. Uliuawa na tiba.

Kosa hilo latokana na kudhani kwamba kujikunja kwa majani ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Kujikunja ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili kwa binadamu. Homa yaweza kuletwa na malaria, na homa ya matumbo au na jipu lililojificha, na daktari mwenye busara hatoi dawa kabla ya kupima. Vivyo hivyo jani laweza kujikunja kwa kiu, kwa kuzama majini, kwa baridi, kwa moshi, kwa mbolea iliyozidi, kwa wadudu au kwa virusi. Sababu mbili kati ya hizo, yaani kiu na kuzama majini, zina tiba zinazopingana kabisa, na hapo ndipo mimea mingi hupotea.

Nini hasa hukunja jani?

Jani ni bamba lenye nyuso mbili. Ili libaki tambarare, hapana budi uso wa juu na uso wa chini ulingane kwa kipimo. Uso mmoja ukirefuka kuliko mwingine, au ukisinyaa zaidi, jani hupinda kuelekea upande uliobaki mfupi. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka ukanda wa metali mbili ambao hupinda unapopashwa moto, kwa sababu metali moja hutanuka kuliko ya pili. Jani hufuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya joto, kinachofanya kazi ni maji na ukuaji.

Nguvu ya maji yaweza kuonyeshwa darasani kwa gharama ndogo sana. Huchukuliwa jani la kitunguu cha majani, lile lenye umbo la bomba, likachanwa kwa urefu kuwa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi hizo zikatumbukizwa katika bakuli la maji baridi. Baada ya nusu saa hivi zitakuwa zimejiviringa kama maranda ya seremala, ngozi ya nje ikiwa upande wa ndani wa mviringo. Sababu yake ni kwamba seli laini za upande wa ndani wa bomba hunywa maji na kupanuka, ilhali ngozi ya nje, iliyo ngumu na yenye nta, hainyumbuki kwa kadiri hiyo. Nyuzi zikihamishiwa katika maji yenye chumvi nyingi, hulegea na mviringo hufunguka, kwa kuwa maji hutoka katika seli kwa njia ya osmosisi.

Muhindi shambani huitumia kanuni hii kwa faida yake. Kwenye uso wa juu wa jani lake kuna safu za seli kubwa zenye kuta nyembamba, ambazo hupoteza maji upesi kuliko nyingine. Jua la mchana likizidi, seli hizo husinyaa na jani hujiviringa. Jioni hufunguka tena. Jani lililojiviringa huelekeza eneo dogo kwenye jua, na upotevu wa maji hupungua. Si kila kujikunja, basi, ni maradhi.

Kuna kujikunja kwa namna ya pili ambako hakuna jioni ya kukufungua. Jani likiwa bado changa, seli zake hurefuka kila siku. Jambo lolote likizuia ukuaji wa upande mmoja wakati huo, jani hukua likiwa limepinda, na kuta za seli zikishakomaa umbo hilo hubaki mpaka jani lianguke. Hakuna maji wala dawa itakayolinyoosha. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kutafutwa. Jani linalonyooka usiku, au saa chache baada ya kumwagiliwa, lilikuwa limepungukiwa na maji tu. Lisiponyooka, chanzo ni kitu kingine, na kuongeza maji ni kubahatisha.

Kiu na mafuriko

Mmea wenye kiu na mmea uliozama hufanana kwa mbali kama mapacha. Wote wawili majani huinama, hupoteza mng'ao, na kingo hujikunja. Jambo hili huwashangaza wengi: mmea uliosimama katika maji utakosaje maji?

Jibu limo katika pumzi ya mizizi. Mizizi ni viungo hai. Huhitaji oksijeni ili ipate nishati ya kufyonza maji na madini. Katika udongo mzuri oksijeni hupita katika nafasi zilizo baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, hali hubadilika kabisa, kwani oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mizizi huanza kukosa pumzi, kisha hufa, kisha kuvu wa udongoni huiozesha. Mmea huona kiu huku umezungukwa na maji, na mwenye kuumwagilia huzidi kuuzamisha.

Kabla ya mizizi kufa, hata hivyo, mmea hutoa ishara ya mapema ambayo mchunguzi makini aweza kuitambua. Vikonyo vya majani huinama chini hali majani yenyewe yangali magumu yakiguswa. Chanzo cha ishara hiyo kilielezwa na Kent Bradford na Shang Fa Yang wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, katika utafiti wa mwaka 1980 uliofanywa kwa mimea ya nyanya. Mizizi iliyokosa oksijeni hukusanya kemikali iitwayo kwa kifupi ACC. Kemikali hiyo hupanda pamoja na maji mpaka kwenye majani, na huko, palipo na oksijeni, hugeuzwa kuwa gesi ya etilini, ambayo ni homoni ya mimea. Etilini huzifanya seli za upande wa juu wa kikonyo zirefuke kuliko za chini, na jani huinama. Kwa hiyo jani lililoinama na kulegea kama kitambaa kwa kawaida lina kiu. Jani lililoinama na kukaza, juu ya udongo ulioloa, huleta habari za mizizi isiyopumua.

Uhakika hupatikana chunguni kwenyewe. Kidole kikiingizwa katika udongo hadi kiungo cha pili kitaeleza mengi kuliko macho, kwani udongo wa juu huweza kukauka huku wa chini ungali tope. Uzito wa chungu nao ni kipimo kizuri: aliyezoea kukiinua kila siku hutambua upesi kama ni chepesi au kizito. Ikiwa shaka ingalipo, mmea hutolewa chunguni na kutazamwa mizizi. Mizizi yenye afya aghalabu ni myeupe au ya rangi ya maziwa, nayo ni imara. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, hulegea ikibanwa, na udongo wake hutoa harufu ya uvundo.

Mmea wenye kiu hutibiwa kwa kumwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, kisha maji yaliyobaki katika kisahani humwagwa. Udongo uliokauka mno hukataa maji, nayo hupita kando ya chungu bila kuulowesha. Hapo ni afadhali kukitumbukiza chungu katika ndoo ya maji kwa nusu saa na kukitoa. Mmea uliozama huhitaji kinyume chake. Mizizi iliyooza hukatwa kwa wembe safi, mmea hupandwa upya katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa, baadhi ya majani hupunguzwa ili mizizi michache iliyobaki isilemewe, na chungu huwekwa kivulini. Chungu chenyewe sharti kiwe na tundu. Kopo zuri lililopakwa rangi lakini lisilo na tundu ni kaburi la mmea, na kuweka changarawe chini yake hakulibadilishi. Maji hutuama tu katika udongo ulio juu ya changarawe.

Hewa, mbolea na bomba la dawa

Etilini haitoki ndani ya mmea peke yake. Katika miji ya Ulaya ya karne ya 19, barabara zilipokuwa zikiangaziwa kwa taa za gesi, ilionekana kwamba miti iliyokuwa karibu na mabomba yanayovuja hupukutisha majani kabla ya wakati. Mwaka 1901 mwanasayansi Dimitry Neljubow wa St. Petersburg alieleza kwamba miche ya njegere iliyokuwa ikikua kombo katika maabara yake ilipotoshwa na etilini iliyokuwamo katika gesi ya taa. Wakulima wa ndizi wa Afrika Mashariki wameitumia gesi hiyo kwa vizazi vingi bila kulijua jina lake: kuvundika ndizi shimoni kwa moshi ni kuzipa etilini. Moshi huo huo ukitoka katika jiko la mkaa au la mafuta ya taa lisilowaka vizuri, au gesi ikitoka katika kapu la ndizi zilizoiva ndani ya chumba kisicho na madirisha ya kutosha, huinamisha majani ya nyanya iliyo kwenye kopo na kuangusha maua. Tiba yake ni kuuhamisha mmea.

Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, maji ya udongoni huwa na chumvi nyingi, na mizizi hushindwa kuyafyonza. Ni jaribio la kitunguu lililogeuzwa. Kingo za majani hukauka, huwa za kahawia na kujikunja, na ukoko mweupe huonekana ukingoni mwa chungu. Udongo husafishwa kwa kupitisha maji mengi mara tatu au nne, yakiachwa yatoke yote kila mara, na mbolea husimamishwa kwa miezi kadhaa.

Iko hatari nyingine isiyoshukiwa mara nyingi. Dawa ya kuulia magugu iitwayo 2,4-D huiga homoni ya ukuaji, na mabaki kidogo tu yaliyosalia katika bomba la kunyunyizia yatosha kuyasokota majani machanga ya nyanya, mishipa yake ikakaribiana kama meno ya kitana. Mmea hupona au hufa kwa kadiri ya kipimo ulichopata. Bomba lililotumiwa kwa dawa ya magugu halifai kutumiwa tena kwa kazi nyingine.

Wageni wa upande wa chini

Kama udongo na hewa havina hatia, jani hugeuzwa na upande wake wa chini hutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Vidukari hukaa kwa makundi kwenye vichipukizi na kufyonza utomvu. Majani machanga hukunjamana, na mara nyingi hunata kwa maji matamu yanayotolewa na wadudu hao. Sisimizi wanaopanda na kushuka katika shina aghalabu wamefuata utamu huo. Kwenye pilipili, mwelekeo wa kujikunja hutoa fununu nzuri: thiripi, wadudu wembamba kama uzi uliokatwa, hufanya kingo zigeuke juu, ilhali utitiri wa majani machanga huzigeuza chini na kulirefusha jani.

Vidukari wachache huondolewa kwa vidole au kwa maji yanayorushwa kwa nguvu. Wakiwa wengi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji hunyunyizwa jioni, chini ya majani hasa, na kurudiwa baada ya siku chache, kwa kuwa sabuni huua wale tu inaowagusa. Dawa kali za shambani hazistahili kuingizwa ndani ya nyumba ambamo watoto hucheza. Isitoshe, huua pia mbawakawa wadogo wenye madoa wanaowala vidukari.

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni wa ua linalopandwa madirishani duniani kote, ingawa asili yake ni Afrika Mashariki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau alioukuta katika pande za Tanga na Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wapandaji wengi wangali wakiuita vayoleti ya Usambara au ya Kiafrika. Porini humea juu ya miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha msitu, mahali ambapo udongo ni kidogo na maji hupita bila kutuama. Msitu unapokatwa hauna pa kwenda, na baadhi ya jamaa zake sasa wamo katika hatari ya kutoweka.

Anayelijua pori hilo hutambua kwa urahisi malalamiko ya mmea huu dirishani. Majani yote yakikunja kingo chini baada ya usiku wa baridi, kama ule wa Julai huko Lushoto au Nairobi, mmea umepatwa na baridi. Chini ya nyuzi 15 hivi za sentigredi haustawi. Majani yakipauka na kuinama yakikumbatia chungu, mwanga umezidi. Lakini majani ya nje yakiwa mazuri, na yale ya katikati yakawa madogo, magumu, yenye manyoya mengi na yaliyosongamana kama ngumi, sababu karibu kila mara ni utitiri wenye urefu wa robo ya milimita tu, usioonekana kwa macho matupu. Hujificha ndani ya chipukizi ambamo sabuni haifiki, na husafiri kwa mikono ya mtunzaji kutoka chungu kimoja hadi kingine. Wakulima wa maua huweza kuzamisha mmea katika maji ya nyuzi 43 kwa dakika 15 hadi 30, kipimo ambacho huua utitiri na kuuacha mmea hai. Maji yakizidi joto hilo mmea hupikika, na bila kipimajoto ni salama zaidi kuuchoma moto ili kuokoa iliyobaki.

Pasipo na dawa

Milima hiyo ya Usambara imo katika historia ya kujikunja kwa majani kwa jambo jingine lenye uzito zaidi. Mwaka 1894 Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alieleza ugonjwa wa mihogo wa Usambara kwa neno la Kijerumani lenye maana ya ugonjwa wa kujikunja. Ndio unaojulikana leo kwa jina la batobato. Mwaka 1938 H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, waliandika kwamba huenezwa na inzi weupe. Jamaa za virusi hivyo ndivyo vinavyokunja na kutia umanjano majani ya nyanya, vikibebwa na inzi hao hao hadi kwenye kopo lililo barazani.

Dalili zake ni majani machanga madogo yenye umbo la kikombe, kingo za manjano, na mmea uliodumaa; ukitikiswa, inzi wadogo weupe huruka kutoka chini ya majani. Virusi vikishaingia, havina tiba. Mmea hung'olewa na kuchomwa, hata kama una maua, kwa sababu kila siku unayobakia ni chemchemi ya maambukizo kwa bustani ya jirani. Miche mipya hufunikwa kwa chandarua chenye matundu madogo sana mpaka ipate nguvu.

Mchunguzi, basi, huanza chini na kupanda juu: tundu la chungu, udongo, mizizi, kisha majani ya zamani, kisha machanga, na upande wa chini wa yote. Hurekebisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayehamisha, anayemwagilia, anayetia mbolea na kunyunyiza dawa siku moja hatajua ni lipi lililoponya. Baada ya hapo hatazami tena majani yaliyokwisha kupinda. Huweka alama ya uzi kwenye kikonyo cha jani changa kabisa na kungoja. Majani yatakayochipuka juu ya uzi huo, kwa kawaida ndani ya majuma mawili au matatu wakati wa joto, ndiyo yatakayotoa hukumu.

Kwa darasa la biolojia, miche miwili ya nyanya yenye umri mmoja yatosha kuanzia. Mmoja huachwa katika kopo lenye matundu, wa pili husimamishwa ndani ya ndoo, maji yakiufunika udongo wote. Pembe baina ya shina na kikonyo cha jani la tatu hupimwa kwa protrakta asubuhi na jioni kwa siku tatu, na tarakimu huandikwa ubaoni. Mche wa ndoo ukitolewa siku ya tatu na maji yakaachwa yachuruzike, upimaji uendelezwe kwa juma zima, ili ionekane ni vikonyo vipi vitakavyorudi juu na vipi vitakavyobaki vimeinama.